Mbuzi wa uani, barua ya majirani na harufu inayohama

Nimepotea kidogo, kazi za gazeti zilinibana. Leo naomba mnivumilie maana hadithi ni ndefu, na mwanzo wake ni mbuzi.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili jioni, niliitwa kwenye kikao nyumba ya tatu kutoka ninapopanga hapa Gerezani. Tulikaa uani juu ya ndoo, vigoda na ngazi ya mlango. Walikuwepo majirani kama kumi na tano, mjumbe wetu, na birika la chai ya tangawizi. Ajenda ilikuwa moja tu.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu anafuga mbuzi wa maziwa. Siyo wale wa Vingunguti wanaosubiri kisu. Hawa ni chotara, weupe, viwele vikubwa. Alianza na wawili. Sasa wamefika kumi na wanne, wamejaa kwenye vyumba viwili vya uani alivyovunja ukuta wa katikati. Hawatoki nje hata siku moja. Majani wanaletewa kwa baiskeli, pumba na mashudu vinakuja kwa mkokoteni, maziwa yanauzwa kwa chupa kabla jua halijawa kali. Nyuma ya ukuta wa vyumba hivyo inalala familia yenye mtoto mchanga. Mfereji wa maji machafu unapita mbele ya meza ya mama ntilie. Mvua ikinyesha, jamani, hapakaliki.

Kikao kikaamua iandikwe barua kwa serikali ya mtaa, nakala kwa bwana afya: mbuzi waondolewe. Nani aandike? Macho yote yakaja kwangu.

"Wewe ndiyo mwandishi, mjukuu wangu," akasema bibi mmoja. "Kiswahili cha magazetini wanakiogopa."

Nikakubali. Tatizo ni kwamba mwenye mbuzi ndiye aliyenikopesha maziwa mwezi mzima mshahara ulipochelewa. Kesho yake nikakutana naye mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unaniandikia."

Nikakosa la kusema.

"Andika," akasema. "Ila ada ya wanangu wawili imo kwenye viwele vile. Na hilo uliandike."

Basi ndugu zangu, nikakaa na karatasi tupu siku tatu. Mwisho nikafanya ninachofanya habari ikinishinda: nikaingia kwenye vitabu. Nilitaka kujua, katika mji huu, watu waliolalamikia harufu waliishia wapi?

Haya, twende.

Mji wa Dar es Salaam ulipangwa kwa pua kabla haujapangwa kwa ramani. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi zilizotaka upande wa karibu na bahari ujengwe nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Mwafrika hakuhitaji kutajwa kwa jina. Ilitajwa nyumba ya udongo na makuti, na mwenye nyumba akajijua. Mwaka 1914 serikali yao ikanunua shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, magharibi ya mji, ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita ikaingia. Mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji, wakawaweka pale wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps. Wenyeji wakalilainisha jina, likawa Kariakoo.

Vita ilipokwisha, Mwingereza akaendeleza alichokikuta. Uzunguni kwake, Uhindini kwake, Uswahilini kwake. Katikati ya Uhindini na Kariakoo akaacha uwanja wa Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika pale, lakini ulikuwa uzio usio na waya. Sababu ilikuwa neno zuri kabisa: afya. Wakubwa wa wakati huo waliamini kwamba ukikaa mbali na Mwafrika umekaa mbali na malaria. Mbu hakuulizwa.

Naomba tulishike hili. Katika mpango ule, uchafu haukuhesabiwa kuwa kitu unachoweza kukizoa. Ulihesabiwa kuwa tabia ya mtu. Ndiyo maana dawa yake haikuwa ufagio, ilikuwa kuhamishwa.

Ndani ya uzio huo watu wetu wakajenga nyumba tunayoijua wote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma ukumbi wa wazi wa familia zote, yaani uani. Uani ndipo palipopikwa, palipofuliwa, palipogombaniwa na kupatanishwa. Kuku walikuwepo. Mbuzi walikuwepo pia, hasa zikikaribia siku za Idd el Hajj, na mpaka leo ukipita Kariakoo wiki ile utasikia vilio vya mbuzi nyuma ya mageti. Sijawahi kusikia mtu akiandika barua kwa ajili ya mbuzi wa Idd. Kila mtu anajua siku ya mwisho wake, na kila mtu anatarajia sahani.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mbuzi na mji haviivi chungu kimoja. Mbuzi wawili wa uani ni wa zamani kuliko lami yetu. Kipya ni mbuzi kumi na wanne waliofungiwa ndani mwaka mzima kwa ajili ya biashara. Ufugaji wa namna hiyo mjini nao una historia yake, na haikuanzia Uswahilini. Ilianzia kwa wakubwa.

Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita ya Kagera imekula hazina, mafuta yamepanda bei, sabuni ni foleni, sukari ni foleni. Maziwa ya mjini yalitegemea shirika la umma la Tanzania Dairies Limited, ambalo kwa sehemu kubwa lilikoroga maziwa ya unga ya msaada kutoka nje. Kituo cha daladala cha Ubungo Maziwa kimerithi jina kutoka kwenye kiwanda chake. Shirika likayumba. Mshahara wa mfanyakazi, ukiulinganisha na bei za vitu, ukaanguka kwa zaidi ya nusu.

Watu wakafanya nini? Wakaanzisha miradi. Mtafiti Aili Mari Tripp, kwenye kitabu chake cha 1997 kuhusu uchumi wa mitaani wa Dar es Salaam, ameonyesha jinsi maprofesa, makatibu na wafanyakazi wa serikali walivyoishi kwa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa huku mshahara ukibaki nauli. Oysterbay, Msasani, Mikocheni, kwenye viwanja vikubwa vilivyorithiwa kutoka kwa mkoloni, ng'ombe wa kukatiwa majani wakajaa. Wengine walifunguliwa wakajilishe barabarani. Ile Uzunguni iliyolindwa isinuke Uswahili ikanuka samadi, na mwenye samadi alikuwa na gari la serikali.

Majirani walilalamika, sawa na sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikatoka kanuni. Zile za mipango miji za 1992 kuhusu kilimo cha mjini ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, wakifugwa ndani. Kwenye karatasi zilipendeza. Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, aliyeandika sana kuhusu jambo hili miaka ya 1990, alionyesha zilipokwama. Waliotakiwa kuzisimamia, na wakubwa wao, walikuwa wafugaji. Bwana afya gani atagonga geti la bosi wake kumhesabia ng'ombe? Mwingine, Camillus Sawio wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu yake ya 1993 ilieleza kwamba kilimo na ufugaji wa mjini haukuwa kazi ya maskini peke yao. Wasomi na watumishi walikuwemo tena kwa nguvu.

Nilipofika hapo nikasimama. Kama ng'ombe wa kigogo walivumiliwa Oysterbay kwa miaka, mimi ni nani nimwandikie mama wa Gerezani barua ya kumfukuzia mbuzi? Nikakaribia kuichana karatasi.

Kilichonizuia ni Tabata.

Wengi wetu tulizaliwa kesi ile ikiwa imesikilizwa au inasikilizwa. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima Tabata, na taka zile zilichomwa. Moshi, nzi, harufu, watoto wanakohoa. Mwaka 1988 wakazi wakaishtaki Halmashauri Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 299 ya mwaka huo. Wakashinda. Mahakama ikaamuru umwagaji ukome na Jiji litafute mahali pengine pasipo na madhara kwa watu. Jiji likawa linarudi kuomba muda, na muda tena, malori yakiendelea kumwaga. Mwisho Jaji Kahwa Lugakingira akachoka. Alishangaa waziwazi kwamba chombo cha umma kinathubutu kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaiunganisha hewa ya Tabata na ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi.

Mnaona kilichotokea hapo? Neno lilelile afya, ambalo mtawala alilitumia kumhamisha raia, raia alilichukua akamsimamisha nalo mtawala. Wakazi wa Tabata hawakusema "watu fulani wananuka". Walisema kitu fulani kinamwagwa hapa, na fulani, na kinatuumiza hivi. Hayo ni malalamiko ya aina nyingine kabisa. Tusiwaite watu wenye malalamiko ya namna hiyo wambeya wala wenye maringo.

Ila hadithi haijaisha, na kipande kinachofuata ndicho kilichoninyima usingizi.

Jiji lilipofukuzwa Tabata likahamishia malori Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa kule nao wakaenda mahakamani, mmoja na wenzake 749, nao wakashinda. Malori yakageuza. Safari hii yakaenda Vingunguti. Baadaye yakaenda Mtoni. Baadaye yakaenda Pugu Kinyamwezi. Ukichora mstari kwenye ramani utaona taka zikisogea kuelekea kwa watu ambao hawakuwa na wakili.

Kila mtaa ulioshinda ulikuwa na haki, na sitamlaumu mtu wa Tabata kwa kutaka kupumua. Lakini harufu haikufa. Ilihama. Wajerumani waliwahamisha watu ili harufu ibaki nao. Sisi tumehamisha harufu, ikafuata watu walewale.

Turudi kwenye mbuzi, maana najua kuna msomaji anasema taka za jiji zima na mbuzi kumi na wanne wapi na wapi. Twende Uholanzi basi.

Mwaka 1984 Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo cha maziwa ya ng'ombe ambayo kila mfugaji angeweza kuuza. Mbuzi hawakuwemo kwenye kikomo. Wafugaji wengi wa Uholanzi wakageukia mbuzi, na mabanda yakawa makubwa: mamia, hata maelfu ya mbuzi ndani ya jengo moja, karibu na vijiji vyenye watu wengi. Mwaka 2007, mkoa wa Noord-Brabant, wakazi wa kijiji cha Herpen na vijiji jirani walianza kuugua nimonia kwa wingi usio wa kawaida. Ilikuwa homa ya Q. Bakteria wake hujaa kwenye kondo la mbuzi anayezaa au kutupa mimba, kisha husafiri na vumbi na upepo. Kati ya 2007 na 2010 waligunduliwa wagonjwa zaidi ya 4,000. Wengine walikufa, wengine wamebaki na uchovu wa miaka. Kwa muda mrefu wananchi hawakuambiwa mashamba yapi yalikuwa na ugonjwa. Desemba 2009 serikali iliamua mbuzi wenye mimba kwenye mashamba yaliyoambukizwa wauawe, na zaidi ya 50,000 wakauawa. Mwaka 2017 Noord-Brabant na mikoa mingine ikaanza kuzuia mabanda mapya ya mbuzi, kwa sababu watu waliokaa jirani nayo waliendelea kuugua nimonia kuliko wengine.

Sisemi Gerezani ni Herpen. Mbuzi kumi na wanne siyo elfu nne. Ila Herpen hapakuwa na mtoto mchanga aliyelala upande wa pili wa tofali moja. Na sisi wenyewe tulishaonja mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu zaidi ya 100 nchini. Wakati ule kila mtu mjini aligeuka daktari wa mifugo kwa miezi mitatu, halafu tukasahau.

Hata wanaowapenda mbuzi wa maziwa wanajua kwamba kuna namna ya kuwafuga. Milima ya Uluguru, kule Mgeta, Chuo Kikuu cha Sokoine kilipeleka mbuzi wa Kinorwe miaka ya 1980, na watu wamefuga ndani tangu hapo, kwenye mabanda yaliyoinuliwa juu ya ardhi, sakafu ya mbao yenye nafasi ili mavi na mkojo vidondoke chini, samadi iende shambani. Banda lina upepo, kijiji kina shamba. Hapa Gerezani sakafu ni saruji, upepo umezuiwa na ghorofa la jirani, na shamba lililo karibu ni mfereji wa mama ntilie.

Basi wadau, nikaandika. Siyo barua waliyoniagiza.

Niliandika kwamba sisi wakazi tuna haki ya mazingira safi na salama, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyosema kifungu cha 4. Nikaeleza tunachokiona, siyo tunachokihisi: idadi ya mbuzi, ukubwa wa vyumba, umbali wa ukuta hadi kitanda, siku ambazo mfereji ulifurika. Nikaomba bwana afya na daktari wa mifugo waje pamoja, wapime mbuzi magonjwa yanayoambukiza watu, matokeo yasomwe mbele yetu wote, mama akiwepo. Nikaomba idadi ipunguzwe mpaka ile ambayo uani unaweza kuibeba. Nikaomba mbuzi anayekaribia kuzaa atolewe kwenye ukuta wa mtoto. Nikaomba samadi ikusanywe kavu kila siku kwenye viroba, iuzwe kwa wanaolima mchicha bonde la Msimbazi, isisukumwe kwa maji. Nikaomba beberu aondoke wiki hii. Hapo kikao kilicheka, lakini ni kweli: jike la mbuzi halinuki sana, anayenuka ni beberu. Wazee wa siasa ya Ujamaa walijua kuchagua jina.

Mwisho nikaandika sentensi ambayo mjumbe alitaka niifute: kwamba kanuni atakayotumiwa mama huyu itumike vilevile kwa yeyote mwenye mifugo katika Jiji, awe na uani au awe na geti la umeme. Sikuifuta. Manispaa yetu ya Ilala ilipandishwa kuwa Jiji mwaka 2021. Ukubwa huo uonekane na kwenye mambo haya.

Na ndiyo, niliandika kwamba mama ana watoto wawili shuleni.

Kikao cha pili kilikuwa juzi. Barua ilisomwa. Watu kumi na mmoja wakasaini. Wanne wakakataa. Hawa wanataka mbuzi wote watoke, hata mmoja asibaki. Mmoja wao ni mama wa yule mtoto mchanga. Hakupiga kelele. Alinisubiri kikao kiishe, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Kaka, historia yako nimeisikia, nzuri," akasema. "Ila wewe hulali ukutani kwangu."

Sikuwa na jibu, na mpaka naandika hapa sijalipata. Kama ningekuwa upande ule wa tofali, pengine ningeandika barua fupi zaidi. Lakini najua pia kwamba wakiondolewa wote leo, watakwenda chumba kingine, Keko au Vingunguti au Mbagala, nyuma ya ukuta wa mtoto mwingine ambaye mama yake hana jirani mwandishi.

Jana asubuhi nilipita. Beberu hayupo, ameuzwa. Mama alikuwa anafagia. Akanipa chupa ya maziwa, nikatoa hela, akaipokea. Zamani alikuwa hapokei.

Bwana afya tumeahidiwa Jumatano. Ungekuwa wewe, ungesaini na wale kumi na mmoja au ungesimama na wale wanne?